Je, wajua kwa nini kasi ya Wi-Fi hushuka kutoka 433 hadi 390 bila kupita 400?

Kama una simu ya Android na Wi-Fi nyumbani, jaribu hili. Simama karibu na ruta, fungua mipangilio ya Wi-Fi, gusa jina la mtandao uliounganishwa nao, kisha utafute mstari unaotaja kasi ya muunganisho. Simu nyingi za bei ya kati zikiwa kwenye mawimbi ya gigahezi 5 huandika 433, yaani megabiti 433 kwa sekunde. Sasa tembea taratibu kuelekea jikoni huku ukiitazama namba hiyo. 390. 325. Ukivuka ukuta wa pili huenda ukaona 195, kisha 130. Kwamba inashuka hakuna ajabu, kila mtu anajua kuwa mbali na ruta mtandao husumbua. Ajabu ni kwamba hutaiona 400, wala 350, wala 200. Namba inaruka, kama mtu anayeshuka ngazi.

Walioishi enzi za antena za televisheni juu ya paa watanielewa haraka. Mmoja yuko juu ya bati anazungusha mlingoti, mwingine yuko sebuleni anatazama kioo kilichojaa chenga. Kukiwa kimya, wa ndani anaweza kusema maneno marefu: "Rudisha pale ulipokuwa kabla hujakaza, halafu inamisha kidogo." Jirani akiwasha jenereta, sentensi hiyo haifiki. Mnabaki na maneno machache: juu, chini, kushoto, basi! Na kila neno linasubiri "Eee!" kutoka juu. Lisipoitikiwa, linarudiwa.

Ruta na simu hufanya hivyohivyo. Kila kipande cha wimbi kinachorushwa ni neno moja kutoka kwenye kamusi ambayo pande zote mbili zimekubaliana. Kamusi ikiwa na maneno 256, kila neno linabeba biti 8, yaani alama nane za 0 au 1. Ya maneno 64 inabeba biti 6, ya 16 biti 4, ya 4 biti 2, na ya chini kabisa ina maneno mawili tu, biti 1. Lakini maneno yakiwa mengi, hayana budi kufanana. Mkiwa mmekaa pamoja utatofautisha taa, paa, kaa, baa na faa bila taabu. Juu ya bati, kwenye upepo, yote ni "aa". Kwenye mawimbi kufanana huko ni tofauti ndogo sana za nguvu na za mkao wa wimbi, na kelele kidogo inatosha kuligeuza neno kuwa jirani yake.

Kisha kuna biti za ulinzi, zinazoongezwa ili makosa yaliyotokea njiani yasahihishwe upande wa pili. Kwenye 433, kati ya kila biti 6 zinazorushwa, 5 ni mzigo wako na 1 ni ya ulinzi. Kwenye kidato cha chini kabisa cha ngazi hii ya kasi, nusu nzima ni ulinzi. Changanya ukubwa wa kamusi na kiwango cha ulinzi, utapata vidato kumi: 32.5, 65, 97.5, 130, 195, 260, 292.5, 325, 390 na 433. Namba unayoiona kwenye simu ni jina la kidato ambacho mashine imekichagua wakati huo.

Na inachagua upya kila mara, hata simu ikiwa imelala mezani. Mawimbi hugonga kuta, mabati, friji na miili yetu, yakarudi kwa njia nyingi. Yakikutana kwenye antena, mengine huongezana nguvu na mengine huuana. Urefu wa wimbi la gigahezi 5 ni kama sentimita 6 tu, kwa hiyo kuisogeza simu kwa upana wa vidole vitatu kunaweza kubadili hali nzima. Mtu akipita kati ya simu na ruta, hali inabadilika tena.

Lakini mashine inajuaje kidato kinachofaa? Kwenye Wi-Fi, mrushaji kwa kawaida hana macho upande wa pili. Anachopata ni kuitikiwa kufupi kila pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, inapofika salama. Isipofika, ni kimya. Mwaka 1997 wahandisi wawili wa kampuni ya mawasiliano ya Lucent huko Uholanzi, Ad Kamerman na Leo Monteban, walieleza kanuni iliyo rahisi mno: ukikosa kuitikiwa mara mbili mfululizo, shuka kidato kimoja, ukiitikiwa mara kumi mfululizo, jaribu kupanda. Kwa kadi za Wi-Fi za wakati ule, zenye megabiti 1 na 2, ilitosha.

Binafsi naona uzito wa jambo lote uko kwenye kile kimya. Rudi kwenye paa. Umepiga kelele, hujajibiwa. Ni kwa sababu mwenzako hakusikia vizuri, au ni kwa sababu lori lilipita wakati uleule? Kama hakusikia, dawa ni kutamka polepole. Kama ni lori, dawa ni kurudia haraka lilipokwisha kupita, na ukitamka polepole utajiharibia, kwa kuwa neno refu lina nafasi kubwa zaidi ya kukutwa na lori linalofuata.

Kwenye Wi-Fi, malori ni ruta za majirani na simu nyingine zinazorusha kwa wakati mmoja. Chukua Wi-Fi ya kizazi cha zamani, ambayo vidato vyake vilikuwa kati ya 6 na 54: pakiti ya baiti 1,500 kwa megabiti 54 iko hewani kwa takriban milisekunde 0.22, kwa megabiti 6, milisekunde 2. Kwa hiyo kwenye jengo la ghorofa lenye ruta kila mlango, kanuni ya 1997 inaweza kuleta balaa: pakiti zinagongana, kila mmoja anadhani mawimbi yake ni dhaifu, anashuka, anakaa hewani muda mrefu zaidi, na migongano inaongezeka. Mawimbi ni mazuri, ila kila mtu ameshuka chini.

Wataalamu wakaona afadhali kuhesabu kuliko kushtuka. John Bicket wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, alitoa njia yake ya SampleRate mwaka 2005, na wazo hilo likazaa Minstrel, ambayo kwa miaka mingi imetumika ndani ya Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, na hivyo ndani ya ruta nyingi. Minstrel ina daftari: kila kidato kimejaribiwa mara ngapi, kimeitikiwa mara ngapi. Takriban pakiti moja katika kumi hurushwa kwa kidato kingine, kwa kuonja tu. Kisha hesabu inafanywa. Kidato cha 54 kikifaulu mara 8 kati ya 10, unapata kama 43. Kidato cha 36 kikifaulu kila mara, unapata 36. Basi bora kile kinachokosea. Muuza nyanya anayepoteza tenga moja kwa kila safari ila anawahi soko hashangazwi na hesabu hii.

Minara ya simu imeenda mbali zaidi. Kwenye 4G, simu yenyewe huutaarifu mnara hali ya mawimbi kwa alama ya 0 hadi 15, na mnara unaweza kubadili kidato kila milisekunde. Kwa kawaida hulenga karibu moja kati ya kumi ya majaribio ya kwanza yafeli. Yasipofeli kabisa, ni dalili kwamba mnara unaogopa kupita kiasi.

Tatizo lililobaki ni la wenzako nyumbani. Wi-Fi ya asili hugawa zamu, haigawi muda. Mwaka 2003 watafiti wa Grenoble, Ufaransa, walionyesha matokeo yake. Kwa vidato vya Wi-Fi ya enzi zile, simu iliyo karibu na ruta kwa megabiti 11 humaliza pakiti ya baiti 1,500 kwa milisekunde 1.1 hivi, ya mgeni aliyekaa barazani, iliyoshuka hadi megabiti 1, inachukua milisekunde 12. Wakipokezana moja kwa moja, wa karibu naye anaambulia chini ya megabiti 1, ingawa kwake mawimbi ni safi. Ni sawa na foleni ya bombani ambako kila mtu ana haki ya ndoo moja, na aliye mbele yako anajaza ya kwake kwa kikombe. Programu mpya za ruta, zikiwemo za Linux, sasa hugawa muda wa kukaa hewani badala ya zamu. Mgeni wa barazani bado anasubiri video yake, ila wewe wa sebuleni hutaisubiri naye.