Je, wajua kwa nini chanjo ya mdondo hutiwa jichoni na siyo mdomoni?

Kuku mwenye mdondo, au kideri kama wengine wanavyouita, hukoroma, hupanua mdomo kutafuta hewa, huharisha kijani, na asipokufa mapema shingo humpinda. Mateso yapo kooni, tumboni na kwenye ubongo. Halafu mchanjaji anafika bandani na kichupa, anainamisha kichwa cha kuku, anadondosha tone moja jichoni, basi. Mdondo kuzuiwa kwa kitu kinachodondoshwa ni mzaha wa lugha. Swali halisi ni kwa nini jichoni.

Jibu linalosikika zaidi ni kwamba jicho ni rahisi kulenga: kuku hatemi, na mchanjaji anaona tone limeingia. Hata baadhi yetu tunaoshinda mabandani tuliwahi kulitoa kwa kujiamini kabisa. Linaingia akilini, ila si sahihi, na kosa hilo huzaa mengine. Ukiamini jicho ni tundu tu la kupitishia dawa, utaona tundu lolote linafaa. Kuku akisumbua unamtia mdomoni. Wakiwa wengi unamimina kichupa kizima kwenye ndoo ya maji. Jogoo mkubwa unampa matone matatu, kifaranga unamwonea huruma unamnyima. Na akitokea anayekoroma, unamdondoshea ili apone. Yote hayo yanafanyika kila msimu kuanzia Ismani hadi Tukuyu, kisha lawama inabebeshwa chanjo.

Kwanza, kilichomo kichupani si dawa. Chanjo inayotumika sana kwa kuku wa kienyeji Tanzania, I-2, ni kirusi hai cha mdondo, ila cha ukoo mpole. Mbegu yake iliandaliwa Australia, na hapa nchini hutengenezwa Kibaha na Wakala wa Maabara ya Veterinari. Kwa kuwa ni kiumbe hai kinachokwenda kuzaliana ndani ya kuku, kifaranga na jogoo hupewa kiasi kilekile: tone moja, jicho moja. Hapa hakuna hesabu ya kilo.

Sasa jicho lenyewe. Mshike tetea kwenye mwanga, mlaze kichwa ubavu, umtazame anavyopepesa. Kabla kope hazijafunga utaona utando mwembamba ukifagia jicho kutoka kona ya upande wa mdomo kwenda nyuma, mara moja tu, kisha unarudi. Ufagio huo hulainishwa na tezi iliyojificha nyuma ya mboni, iitwayo tezi ya Harder. Jina ni la Mswisi Johann Jacob Harder, aliyeieleza mwaka 1694 baada ya kuiona kwa kulungu, wala si kwa kuku. Kwa wanyama wengi ni hasa tezi ya kilainishi. Kwa kuku imejaa seli zinazotengeneza kingamwili, kiasi kwamba ni kambi ya ulinzi iliyovaa sare ya fundi grisi.

Tone likitua, utando unalisukuma na kulisambaza hadi tezi inapata habari. Linalobaki linateremka kwenye mfereji wa machozi. Anayelima kinyungu bondeni Njombe au Iringa anaujua mchezo huu: hubebi maji kwa kopo hadi kila tuta, unafungua mfereji kule juu, yanajifikia yenyewe. Jicho la kuku ndiyo juu ya mfereji. Machozi huingia puani, na kutoka puani kuna ufa kwenye kaakaa unaofungukia kinywani. Mfunue kuku mdomo utauona, mstari mrefu juu ya ulimi. Kwa hiyo tone moja hulowesha jicho, pua na koo, yaani njia ileile ambayo kirusi kikali hupita kikija na vumbi, maji au mate ya kuku mgonjwa.

Umuhimu wa njia hiyo unafanana na geti la ushuru wa mazao. Ukitaka kukamata lori la viazi lililokwepa ushuru, unaweza kuweka askari mjini, na watalikamata, ila litakuwa limeshashusha. Ukiwaweka getini, linazuiwa barabarani. Chanjo ya sindano yenye virusi vilivyouawa hujaza askari kwenye damu, lakini utandotelezi wa pua na koo haupati wengi. Chanjo hai ya jichoni huwafundisha walioko getini, na wa kwenye damu nao hupatikana.

Mbona basi kirusi hicho hai hakimwangushi kuku? Kila kirusi cha mdondo, kabla hakijaweza kuingia kwenye seli, lazima protini yake moja ikatwe na kimeng'enya. Cha ukoo mpole hupata wa kukikata kwenye njia ya hewa na utumbo tu, hivyo hakiendi mbali. Kikali hukatwa karibu na kila seli ya mwili. Ndiyo maana shingo hupinda: kimefika kwenye ubongo.

Kuchanganya kwenye maji si upuuzi, ikumbukwe. Kuku akiinua kichwa kumeza, maji hupita karibu na ule ufa, na zipo chanjo zinazotolewa hivyo kwenye mabanda makubwa. Ila yana masharti. Maji ya bomba yenye klorini huua kirusi cha chanjo. Klorini hiyo hutulizwa kwa maziwa ya unga yasiyo na mafuta, takribani gramu 2.5 kwa lita, kabla ya kutia chanjo. Kuku wanyimwe maji saa moja au mbili, kisha wamalize yaliyochanjwa ndani ya saa mbili. Kwa kuku wa kuzurura ni kazi bure. Tukuyu mvua ikinyesha wanakunywa chini ya michirizi ya paa, na ndoo yako hawaitazami.

Kwa tone, fanya kazi alfajiri kabla banda halijafunguliwa. Msaidizi ashike mbawa na miguu, wewe laza kichwa jicho likitazama juu. Simamisha kichupa wima, mdomo chini, kisiguse jicho. Ukikilaza, matone hayalingani na hesabu ya kwenye lebo itakukimbia. Dondosha, kisha usimwachie mpaka apepese. Akitikisa kichwa kabla, tone limeishia kwenye manyoya, rudia. I-2 huvumilia joto kuliko La Sota, chanjo nyingine hai ya mdondo, ila kuvumilia si kutokufa: kichupa kikianikwa juani kwenye kiti cha bodaboda kutoka Uyole, kirusi kinakufa. Kifunge kwenye kitambaa kibichi ndani ya kikapu, kivulini. Rudia kila baada ya miezi 3 hadi 4.

Halafu ile lawama kwamba "chanjo imeua kuku". Kinga huchukua siku 7 hadi 14 kujengeka. Kirusi kikali huweza kukaa ndani ya kuku siku 2 hadi 15 kabla dalili hazijatokea, mara nyingi 5 au 6. Ukichanja Jumatatu kwa sababu jirani alizika kuku Jumapili, kuku wako akifa Ijumaa alikuwa na kirusi hicho tayari. Wakianza kufa, fungia wazima, choma au zika mizoga kwa kina, usinunue wala kuuza, na mjulishe ofisa mifugo. Mafua makali ya ndege yana dalili hizohizo, na kwa macho huwezi kuyatofautisha. Ni kazi ya maabara.

Wala aliyechanjwa hageuki chuma. Kinga humwokoa asife, lakini anaweza bado kubeba kirusi kikali kwa muda na kukimwaga, kwa hiyo tenga la kuku wazima kutoka mnadani si uthibitisho wa chochote. Kuna pia wanaotumaini I-2 itajisambaza yenyewe kwa kuku wanaolala pamoja. Huambukizana kweli, ila si kwa kiwango cha kutegemea, hasa wakilala mmojammoja mtini.

Na nawa mikono ukimaliza. Mchanjaji anayejifuta jasho kwa kidole chenye chanjo huweza kuamka na jicho jekundu lenye machozi kwa siku chache. Kwake kirusi hicho huishia hapo hapo jichoni.