Jani la Muarobaini Nalo Ni Kemikali

Juzi mama mmoja alifika dukani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, akaitazama bei ya dawa zake za presha, kisha akaikunja karatasi ya daktari na kuirudisha kwenye pochi. "Dokta, nimechoka na makemikali. Nimepata dawa ya miti, haina kemikali, haina madhara." Nimeyasikia maneno hayo tangu siku ya kwanza ya kazi yangu ya ufamasia. Juzi yalinifika shingoni.

Hakuna mti usio na kemikali. Ule uchungu wa muarobaini unaokukunja uso ni kemikali. Ukali wa tangawizi kooni ni kemikali. Jani lisilo na kemikali lisingeweza kushusha homa wala sukari, lisingefanya lolote mwilini. Huwezi kulisifu kwamba lina nguvu, halafu ukaapa kwamba nguvu hizo haziwezi kukuumiza.

Panda mlima mpaka Amani, kule juu ya Muheza. Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa mimea na kilimo pale mwaka 1902, na kati ya miti waliyopanda ni mkwinini, wenye asili ya Amerika Kusini. Kwinini yote inatoka kwenye gome lake. Waliowahi kunywa kwinini wanajua masikio yanavyovuma. Hushusha pia sukari ya damu, na mjamzito mwenye malaria kali huhitaji kuangaliwa sana akiwa kwenye dripu yake. Kuvuma huko na kushuka huko vimo gomeni, mti ungali umesimama msituni. Kiwanda hakikuviongeza.

Kilichoongezwa ni kipimo, na hapa nawaomba mnivumilie. Ulaya walikunywa unga wa gome hilo kwa zaidi ya karne moja na nusu. Gome la mti huu kali, la mti ule hafifu. Huyu akapona, yule akafa na malaria yake. Ni mwaka 1820 ndipo Pelletier na Caventou, Wafaransa wawili, walipoitenga kwinini yenyewe, ikaanza kupimwa kwa uzito. Sasa mtu ananiambia anakunywa muarobaini "kikombe asubuhi, kikombe jioni". Kikombe kipi? Cha kahawa au kopo la bati? Majani mabichi au makavu? Umechemsha mpaka maji yakabaki nusu, au umeroweka usiku kucha? Wewe ukichemsha dakika kumi na dada yako nusu saa, mmekunywa dawa mbili tofauti, ingawa mmechuma mti mmoja. Kidonge cha metfomini, dawa ya kisukari, cha miligramu 500 kina 500 leo na kesho. Hata hiyo metfomini chimbuko lake ni mmea wa Ulaya uitwao galega. Sina ugomvi na majani. Mjamzito mwenye kichefuchefu namshauri tangawizi mwenyewe, na mtoto mwenye kikohozi namshauri asali, ila awe ametimiza mwaka mmoja.

Ramadhani iliyopita kijana aliniletea babu yake kutoka Makorora. Mzee alikuwa na sukari kwa miaka mingi. Jasho linamtoka, mikono inatetemeka, anajibu mambo ambayo hakuulizwa. Nyumbani walishaanza kusema kapandwa. Nilipima sukari: 2.4, imeshuka mno. Alikuwa amekula daku, akameza glibenklamaidi, kidonge chake cha sukari, akashushia kikombe cha muarobaini. Glibenklamaidi hulikamua kongosho litoe insulini ya kushusha sukari hata kama tumbo ni tupu, na muarobaini nao unaweza kuishusha. Nikakoroga glukosi. Mzee akafumba mdomo, amefunga. Kijana akapiga magoti: "Babu, mgonjwa karuhusiwa kula. Kunywa." Akanywa. Baada ya robo saa akaniuliza jina langu, nikamwitikia kwa shikamoo.

Kliniki walikuwa wamemuuliza kama anatumia dawa nyingine. Alisema hapana. Alikuwa amemwona mwenzake akifokewa mbele ya foleni nzima kwa kutaja mizizi, naye mtu wa umri wake hafokewi na mjukuu. Hili linaniudhi kuliko habari ya kemikali. Nchi ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu 2002, waganga wanasajiliwa na baraza lao, halafu sisi wenye makoti meupe tunamfanya mgonjwa afiche chupa kwenye kanga. Anayekunywa kitunguu saumu kwa wingi huku anameza wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, anaweza kuvuja damu, na sitajua mpaka aniambie.

Unga wa maungio unaouzwa stendi nausemea kwa ufupi: ukituliza goti haraka ajabu na uso ukaanza kuvimba baada ya wiki kadhaa, shuku kwamba umechanganywa na dawa za dukani, hasa steroidi. Ulete tuutazame.

Yule mzee hakuacha muarobaini, nami sikumlazimisha. Daktari wake aliondoa glibenklamaidi, akambakizia metfomini. Sukari yake ya asubuhi sasa inacheza kati ya 6 na 7. Siwezi kusema ni metfomini peke yake, wala siwezi kumwambia majani hayana kazi, na vitabu vyangu vya chuo havikunifundisha nimjibu nini aliponiuliza, "Mwanangu, kati ya hivi viwili kipi kinanisaidia?" Nilimwambia ukweli kwamba sijui. Tulichokubaliana ni mti mmoja, ule wa uani kwake, majani kumi yaliyohesabiwa, kikombe kimoja chenye alama ya kalamu, na kijana anaandika kila kipimo kwenye daftari. Masika yakianza mti utatoa majani machanga, na hapo tutapima kila siku kwa wiki mbili, maana sitegemei yawe na nguvu sawa na haya ya kiangazi.