Kabati limejaa chupa nusunusu: bourbon na rai zimalizwe vipi

Makabati ya wapenzi wa bourbon, ile wiski ya mahindi ya Marekani, hapa Kentucky yana ugonjwa mmoja: chupa zilizofunguliwa ni nyingi, zilizoisha ni za kuhesabu. Mtu ananunua, anafungua jioni ileile ili aonje, anapiga toti mbili tatu, na mwisho wa wiki anarudi na nyingine. Miaka ikipita ana rafu nzima ya chupa nusunusu na hajui aanzie wapi.

Kazi yangu ni ya kaunta, namimina wiski Louisville, na wateja tukishazoeana hunialika nyumbani niwapangie kabati: ipi inywewe sasa, ipi isubiri, ipi iende jikoni. Wengi hudhani nitaanza kwa kuuliza bei. Bei siishughulikii. Nataka kujua imebaki kiasi gani ndani ya chupa, ina nguvu ya asilimia ngapi, na kizibo chake kikoje. Hayo ndiyo yanayopanga foleni.

Kwa sheria ya Marekani, bourbon ni lazima itokane na mahindi yasiyopungua asilimia 51 ya nafaka yake, iingie kwenye pipa jipya la mwaloni lililounguzwa ndani ikiwa na kilevi kisichozidi asilimia 62.5, na ifike chupani ikiwa na angalau 40. Wiski ya rai inafuata sharti hilohilo la pipa, ila hapo nafaka inayotakiwa kufika 51 ni rai, nafaka iliyo karibu na ngano. Kinachobaki huwa rai au ngano kwa upande wa bourbon, mahindi kwa upande wa rai, na kote kimea cha shayiri kidogo. Pipa ndilo linalotoa rangi, vanila, ule utamu wa sukari iliyoungua na uchungu wa mbao. Wiski ikitoka pipani, kukua kwake kumekwisha. Ya miaka 12 ukiiweka kabatini miaka 20 bado ni ya miaka 12, wewe tu ndiye umezeeka.

Chupa ambayo haijafunguliwa, ikisimama wima mahali penye giza, inakaa miongo bila kubadilika kwa kiasi cha kukunyima usingizi. Ukishaifungua, habari ni nyingine. Kila toti unayomimina inaacha nafasi, na nafasi hiyo inajaa hewa. Harufu nyepesi, yaani matunda, maua na ule mnanaa wa rai, hupanda kwenye hewa hiyo na kukutoroka ukifungua tena. Oksijeni nayo inaendelea na kazi yake kwenye kilichobaki. Mwishowe unabaki na mbao na utamu uliopooza. Haigeuki sumu, tuelewane. Inachopoteza ni kile ulichoilipia.

Kwa hiyo chupa iliyo juu ya nusu siihangaikii, hata ikikaa mwaka. Ikishuka chini ya theluthi, napenda iishe ndani ya miezi michache. Ikibaki vidole viwili, hiyo ni ya wiki hii, au ihamie kwenye chupa ndogo. Nguvu nayo inabadilisha hesabu: wiski ya asilimia 40 inapooza upesi, ya 50 inavumilia, na ile iliyotoka pipani bila kuongezwa maji, ambayo mara nyingi hupita 60, ni ngumu kweli. Tena hiyo ya mwisho, siku ya kwanza inaweza kukuchoma pua usisikie kitu, kisha wiki chache baadaye ikawa imetulia, matunda yamejitokeza. Chupa za namna hiyo mimi naona zinafika penyewe zikiwa zimeshuka kutoka mabega ya chupa kuelekea katikati. Kwa hiyo usizikimbilie.

Rai inahitaji jicho la karibu zaidi. Rittenhouse, rai ya kiwanda cha Heaven Hill, imetengenezwa kwa mtindo wa Kentucky: rai inazidi nusu kwa kidogo tu, na mahindi yanaibeba. Mezani pembeni yake weka moja ya zile za asilimia 95 za rai zinazopikwa Lawrenceburg, Indiana, na kuuzwa kwa majina mengi, Bulleit ikiwa mojawapo. Zikiwa mpya, ya Indiana ndiyo inayong'ara: mnanaa, majani mabichi, pilipili manga. Lakini ung'avu wote huo uko kwenye harufu nyepesi, na hizo ndizo zinazotangulia kuondoka. Zote mbili zikibaki robo kwa muda mrefu, Rittenhouse bado itakupa utamu wa mahindi na mdalasini, wakati mwenzake anaweza kuwa amebaki na harufu ya penseli iliyotoka kuchongwa. Ndiyo maana katika kila kabati rai zenye asilimia kubwa ya rai naziweka mbele ya bourbon za nguvu ileile.

Namna ya kupima ni rahisi. Mimina kidogo kwenye glasi yenye mdomo mwembamba, ifunike kwa kisahani dakika kumi, funua, nusa kabla ya kuonja. Kikitangulia tunda au kiungo, hiyo bado ni ya kunywa kavu. Ikitangulia mbao au harufu ya boksi lililolowa, ihamishie upande wa kokteli bila majuto.

Foleni yangu basi inakwenda hivi: kwanza za asilimia 40 hadi 45 zilizobaki chini ya theluthi, rai zikiwa mbele. Halafu zile zilizoandikwa Bottled in Bond kwenye lebo, ambazo kwa sheria ya mwaka 1897 ni lazima zitoke kiwanda kimoja na msimu mmoja wa upikaji, zikae pipani angalau miaka minne kwenye ghala linalosimamiwa na serikali, na zitiwe chupani zikiwa na asilimia 50. Hizi hazina presha. Kali kuliko zote ziwe mwisho. Na kuna sharti moja ambalo wateja wangu hulichukia: chupa mpya haifunguliwi mpaka moja iliyo wazi iishe. Bila hilo, mpangilio wote unakuwa wa kwenye karatasi.

Kumaliza chupa si ruhusa ya kunywa zaidi. Chupa ya hapa ni mililita 750, sawa na toti 17 za mililita 44. Toti hiyo, kwa wiski ya asilimia 40, ndiyo kipimo kimoja cha kawaida cha Marekani, gramu 14 za kilevi. Toti hiyohiyo ikiwa ya asilimia 60 ina karibu gramu 21, yaani umekunywa moja na nusu huku ukijihesabia moja. Nimeona watu wazima wakishangaa kwa nini wameamka na kichwa baada ya "toti mbili tu". Kali mimina nusu, ongeza maji kijiko kimoja kimoja. Ikipata ukungu kidogo usiitupe: hayo ni mafuta ya asili ambayo viwanda vingine huyachuja kwa baridi na vingine huyaacha.

Ukiona chupa zinakushinda, gawa. Mpe jirani, peleka kwenye nyama choma ya Jumamosi. Usijaribu tu kumtumia rafiki wa jimbo lingine kwa posta, maana posta ya Marekani hairuhusu pombe. Wala usidanganywe na bei za mtandaoni. Katika majimbo mengi mtu binafsi asiye na leseni haruhusiwi kuuza pombe kali. Kentucky ililegeza kidogo: tangu Januari 2018 maduka na baa zenye leseni zinaweza kununua chupa za zamani kutoka kwa watu binafsi, ila ziwe hazijafunguliwa. Iliyofunguliwa, hata ikiwa na jina la Van Winkle, bourbon adimu inayosakwa na kila mtu, soko lake ni koo lako na la wageni wako. Kila mtu ana chupa moja anayosubiri siku yenyewe, na siku yenyewe inachelewa huku hewa haichelewi. Ukitaka kuweka akiba, weka zile ambazo hazijaguswa.

Sasa vizibo. Wiski ni kali kuliko divai, kwa hiyo ukiilaza chupa kizibo kinalika na kuanza kumeguka. Isimame wima daima. Kikikatikia shingoni, chukua kichujio cha karatasi cha kahawa, chuja kwenye chupa safi, funga kwa kizibo kingine. Kwa hiyo vizibo vya chupa zilizoisha usitupe. Vioshe, vikauke, viweke kwenye bahasha na andika vilikotoka, kwa sababu shingo hazilingani. Nta nyekundu ya bourbon ya Maker's Mark inapendeza, ila ukishaikata haizuii chochote. Jua la dirishani linafifisha rangi na ladha. Na kama uko Dar au Mombasa, kabati lililo juu ya jiko au friji ni baya kuliko yote, joto linasukuma kilevi nje kupitia kizibo kilicholegea.

Ile chupa nzuri ya kioo kizito uliyopewa harusini iache ipambe. Kioo cha kale cha kristali kina madini ya risasi, na wiski ikikaa humo muda inayavuta. Kumiminia wageni jioni moja si neno. Kuhifadhia, hapana.

Kinachofaa kuhifadhia ni vichupa vya glasi vya mililita 100 au 200, vyenye kifuniko cha kuzungusha na koni ya plastiki kwa ndani. Jaza mpaka shingoni, hewa ikose pa kukaa. Wiski nzuri iliyobaki robo nimeiona ikingoja hivyo muda mrefu na bado ikanukia kama ilivyokuwa.

Wengine wanapenda chupa ya mchanganyiko, wanayomiminia kila baki. Wapo wanaoiona kama dhambi. Kiwanda cha bourbon cha Four Roses kina mapishi 10, kutokana na michanganyiko miwili ya nafaka na hamira tano, na bourbon yao ya kawaida ni mchanganyiko wa hayo, kwa hiyo dhambi yenyewe ni ya heshima. Shida ni uvivu. Watu hutia kilichopooza wakitegemea kizima kitakifufua, na kinachotokea ni kinyume chake. Changanya kwanza kwenye glasi, mililita kumi kumi, onja, subiri nusu saa, onja tena. Rai inatawala upesi: robo ya rai kwenye bourbon laini ya ngano inatosha kabisa kuigeuza. Wiski ya Scotland yenye moshi usiilete hapo, haitoki tena.

Na uandike. Mali bila daftari hupotea bila habari. Bandika utepe wa karatasi ubavuni mwa chupa: jina, tarehe, mililita, asilimia. Hesabu ya nguvu ni ya darasa la saba. Mililita 200 za asilimia 40 zina 80 za kilevi. Mililita 100 za asilimia 62 zina 62. Jumla 142 ndani ya 300, yaani asilimia 47 na kidogo. Chini ya 45 mimi siendi, kwa sababu chupa hii itakaa wazi muda mrefu kuliko zote kabatini.

Zilizopooza ziende kwenye kokteli, na kwa rai iliyopoteza harufu Manhattan ndiyo ya kwanza. Kwa glasi tano: rai ya asilimia 50 mililita 300, vermuti tamu 150, Angostura (dawa chungu ya viungo ya kokteli) matone kumi ya kutikisa, na maji safi 100 badala ya barafu. Tia kwenye chupa, weka kwenye friji (si friza), mimina ikiwa baridi. Vermuti ni divai, kwa hiyo ikishafunguliwa inakaa kwenye friji na haikai milele. Naona baa za nyumbani zenye rai ya dola mia na vermuti iliyosimama rafuni tangu Krismasi, halafu lawama anabebeshwa rai. Sazerac, kokteli nyingine ya rai, nayo inafaa, kwani absinthe, pombe kali yenye harufu ya anisi, unayosuuzia glasi inarudisha harufu iliyokwenda. Bourbon iliyochoka mimi huipa limau na sukari, sina maneno mengi hapo.

Jikoni bourbon inaingia kwenye sosi ya mbavu, na kwenye vidonge vya chokoleti ambavyo watu wa Frankfort, mji mkuu wa Kentucky, wanajivunia. Pima kwenye kikombe kwanza. Usimimine kutoka kwenye chupa juu ya moto, mwali unaweza kupanda kwenye mmimino. Lakini baki la bourbon ya asilimia 40 hadi 50 mimi naligeuza vanila ya kupikia. Kiwango cha Marekani kwa vanila ya dukani ni kama gramu 100 za maganda kwa lita, na kilevi kisichopungua asilimia 35, kwa hiyo mililita 200 zinataka gramu 20. Vanila ya Uganda inafika mpaka huku na ni nzuri sana kwa kazi hii. Pasua maganda kwa urefu, yatumbukize yazame yote, funga, weka gizani, tikisa ukikumbuka. Ipe miezi sita. Ukishachuja, maganda yakauke kwenye karatasi, kisha yafukie kwenye kopo la sukari ya chai.