Sindano haigeuzi uvimbe kuwa saratani

"Usikubali wakuchome, uvimbe ukiguswa na sindano unaamka." Onyo hili utalipata bila kuliomba, kijiweni Moshi au kwenye foleni ya kliniki Arusha. Watu hulishika kwa kuwa wamemwona jirani aliyechomwa, kisha akaambiwa ana saratani. Saratani hiyo ilikuwepo tayari. Sindano iliifichua tu.

Tena si kila uvimbe ni saratani. Ndani ya msuli au chini ya ngozi anaweza kujificha kiluwiluwi (mtoto) cha tegu wa nguruwe, aina ya mnyoo bapa. Humpata mtu aliyemeza mayai ya tegu yatokayo kwenye kinyesi cha binadamu, si aliyekula kitimoto (kitimoto kisichoiva huleta tegu wa tumboni, hilo ni jambo jingine). Daktari huingiza sindano nyembamba, isiyofika unene wa milimita 1, huvuta majimaji kidogo, huyapaka kwenye kioo, huyatia rangi na kuyatazama kwa hadubini. Akiona vipande vya ukuta wa kiluwiluwi, pengine na vikulabu vyake, jibu limepatikana. Minyoo ya filaria, ile iletayo matende na mabusha, nayo huweza kunaswa hivyo.

Hofu ina ukweli mahali pamoja: uvimbe wa maji unaoletwa na tegu wa mbwa, unaowapata wafugaji wa kaskazini, hasa kwenye ini. Ukitobolewa kiholela, majimaji yakivuja huweza kuleta mzio mkali na kuotesha vivimbe vipya. Ndiyo maana ultrasaundi hutangulia. Na sampuli isipoonyesha kitu, bado huenda ikabidi kurudia kipimo au kukata kinyama kidogo.