Maji ya kijani bwawani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kiangazi kikishika, mabwawa ya kanda ya kati hupungua, na maji hutulia na kupata joto. Mbolea ya mashambani, kinyesi cha mifugo na majitaka yaliyosombwa na mvua za nyuma hubaki humo kama chakula. Mwani hupenda hali hiyo, na kwa bahati mbaya ndio msimu ambao watu wa Dodoma tunatoka wikiendi kwenda kupunga upepo Hombolo, au tunasimama Mtera kununua perege tukielekea Iringa. Yanayosemwa ukingoni mwa maji hayo ni mengi, na mengi yana kosa lilelile: tunadhani tunapambana na vijidudu, kumbe shida ni sumu.

"Yachemshe tu, yatakuwa salama"

Hili ndilo linalonisumbua zaidi, maana anayelisema anarudia alichofundishwa zahanati, na alifundishwa vizuri. Kuchemsha kunaua vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini ule utando wa kijani mara nyingi si mwani hasa. Ni sayanobakteria, bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama majani yanavyofanya. Baadhi yao hutoa sumu, na inayojulikana zaidi, maikrosistini, hushambulia ini. Moto wa jikoni hauiharibu. Hupasua seli na kuimwaga sumu iliyokuwa ndani yake, na maji yakipungua sufuriani sumu inabaki palepale. Vidonge vya klorini vya nyumbani navyo si vya kutegemea kwa maji ya namna hii.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 ya maikrosistini kwa lita ya maji ya kunywa ya kila siku, na mikrogramu 24 kwa maji ya kuogelea. Hakuna ulimi unaoweza kuonja kiasi hicho. Mwenye bomba mjini asihofu: sehemu kubwa ya maji yake hutoka visima virefu vya Makutupora, chini ya ardhi, jua lisikofika. Anayehusika ni mwenye kuchota bwawani au kwenye lambo.

"Tumwagie mrututu, uishe"

Wakulima wa zabibu wanaujua mrututu, yaani salfeti ya shaba, na ni kweli unaua mwani. Tatizo ni kwamba seli zote zinakufa kwa mpigo na kuachia sumu yote kwa wakati mmoja. Mwaka 1979, katika kisiwa cha Palm Island nchini Australia, bwawa la maji ya kunywa lilimwagiwa mrututu kwa nia njema kabisa. Siku chache baadaye watu 148, wengi wao watoto, waliugua ini na figo. Hata utando ukitoweka wenyewe, sumu inaweza kubaki majini kwa siku kadhaa au wiki.

"Mbona ndege wanakunywa? Na si ndiyo spirulina ile?"

Spirulina ya dukani, lishe inayotokana na sayanobakteria, hukuzwa kwenye maji yanayosimamiwa na kupimwa. Ya bwawani hujui kuna nini ndani yake. Ama ndege, mwaka 2004 heroe walikufa kwa wingi Ziwa Manyara na Momela Kubwa, na watafiti wa hapahapa nchini walitaja sumu za sayanobakteria kuwa huenda ndizo chanzo.

"Samaki wanaelea, kuna mtu katia sumu"

Huenda yupo, uvuvi wa sumu si hadithi. Lakini mwani mwingi unaweza kuua samaki bila mkono wa mtu. Mchana hutoa oksijeni, usiku huitumia, na ukianza kuoza ndio huimaliza kabisa. Ukifika alfajiri ukawakuta samaki wanahema juu ya maji, midomo wazi, hiyo ni dalili ya kukosa hewa. Machi 2022 samaki walipokufa Mto Mara, kamati ya serikali ikataja kinyesi na mikojo ya mifugo, nchi nzima ilicheka. Ukubali majibu yale au uyakatae, kinyesi kikiozea majini hula oksijeni.

"Kila kijani ni sumu"

Hapana. Chovya kijiti. Kikitoka na nyuzi ndefu kama nywele, huo ni mwani wa kawaida. Kikitoka kama kilichochovywa kwenye kopo la rangi, ondoka. Au vaa glavu, jaza chupa angavu, iache itulie saa chache: sayanobakteria wana vifuko vya hewa, kwa hiyo hupanda na kufanya pete ya kijani shingoni mwa chupa. Vipimo hivi havikwambii kama sumu ipo, vinakwambia tu nani yumo. Na maji meupe yasikudanganye, kichocho hakina rangi.

"Pale katikati ni safi, basi twende"

Upepo wa Dodoma mnaujua. Huusukuma utando wote hadi ukingo mmoja, na kiangazi, upepo ukivuma zaidi kutoka mashariki, utaukuta upande wa magharibi. Huko kwenye maji ya magotini ndiko watoto wanakochezea, mbuzi wanakonywa na mbwa wanakojitosa kisha kulamba manyoya. Mtoto humeza maji mengi kuliko mkubwa, na mwili wake ni mdogo. Akitapika, akiharisha au akitoka vipele baada ya kuogelea, msuuze kwa maji safi, mpeleke hospitali, na umwambie daktari wazi kwamba alikuwa kwenye maji ya kijani, maana bila hivyo atatibiwa malaria.

Na perege je? Sumu hukusanyika zaidi kwenye ini na utumbo kuliko kwenye nyama, kwa hiyo mpasue, toa vyote vya ndani, osha kwa maji safi. Aliyeokotwa akielea mwachie muuzaji, hata akishusha bei mara tatu.