Kuku Anapochechemea: Kutambua na Kuhudumia Matatizo Makubwa ya Miguu

Kuku wenye matatizo ya miguu wanaoletwa kwangu hapa Mbeya, ambako ninafanya kazi ya udaktari wa mifugo, wengi wao huwa wameshanyweshwa antibayotiki kwenye maji kwa siku kadhaa, ilhali mwenye kuku hajui anatibu nini. Wengine huletwa baada ya jirani kushauri wachinjwe kabla hawajakonda, na kwa mfugaji wa biashara ushauri huo mara nyingi una hesabu nzuri. Hapa, hata hivyo, ninamzungumzia kuku ambaye hakuna anayefikiria kumla: jogoo wa kuchi aliyezeekea uani, au tetea ambaye watoto wamempa jina na humfuata mama mwenye nyumba hadi jikoni. Kwa kuku wa namna hiyo, kabla ya kuuliza dawa, inafaa kuuliza tatizo liko wapi hasa, yaani kwenye wayo, kwenye kiungo, kwenye mfupa au kwenye neva, kwa sababu kila mahali pana matunzo yake na pengine hapana tiba kabisa.

Mwache kwanza atembee mahali pakavu penye mwanga, umtazame bila kumfukuza. Kisha mfunge mabawa kwa kanga, mlaze mapajani, na upapase miguu yote miwili kwa pamoja ukilinganisha joto, unene na namna vidole vinavyokushika. Kumbuka kwamba kile kiungo kinachokunjika kuelekea nyuma, ambacho wengi hukiita goti, kwa kweli ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe limefichwa juu, ndani ya manyoya. Jambo hili si dogo, kwa kuwa mara nyingi mwenye kuku hunieleza juu ya goti lililovimba na mimi nikakuta goti ni zima.

Tatizo ninalolikuta zaidi kwa kuku wazito, hasa kuchi, Kroiler na Sasso, ni jipu la wayo. Ngozi ya chini ya mguu huchubuka kwa sakafu ya saruji isiyo na matandiko, kwa kokoto, kibanzi au kwa kuruka kila siku kutoka juu, na bakteria, mara nyingi *Staphylococcus aureus*, huingia kupitia mchubuko huo. Dalili yake ni kigaga cheusi katikati ya wayo, uvimbe, na baadaye kuku kusimama kwa mguu mmoja. Watu wengi hukimbilia kutumbua, lakini usaha wa kuku haumiminiki kama wa binadamu au ng'ombe. Hukauka ukawa mgumu kama kiini cha yai lililochemshwa, hivyo kuukamua hakusaidii kitu zaidi ya kusukuma maambukizi ndani, kuelekea kwenye kano na mfupa.

Jipu likiwa bado changa, loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi kwa dakika 10 hadi 15, ukaushe, upake iodini, kisha uweke pamba laini chini ya wayo na kuufunga kwa bandeji isiyobana, ukibadilisha kila siku au kila bandeji inapolowa. Vaa glovu, kwa sababu bakteria hao humwambukiza pia binadamu mwenye kidonda mkononi. Kigaga kikiwa kipana na uvimbe umepanda hadi kati ya vidole, hiyo ni kazi ya upasuaji mdogo kwa ganzi, na sishauri mtu aifanye nyumbani kwa wembe, hata kama ameona wengine wakifanya hivyo kwenye video.

Hata hivyo, matibabu hayo yote ni bure ikiwa kuku atarudi kwenye fito ileile anayolalia usiku. Fito nzuri kwa kuku mkubwa ina upana wa takribani sentimita 5, kingo zake zimeviringwa, na kwa kuku mzito haizidi nusu mita kutoka chini. Iringa na Njombe wengi hutumia mianzi kwa kuwa iko karibu (ile ile inayotupatia ulanzi), lakini mwanzi mwembamba huteleza na kumlazimu kuku kukaza vidole usiku kucha. Tawi la mlingoti lililosuguliwa ni bora zaidi. Chini weka maranda makavu, ambayo kwa wakazi wa Mafinga na jirani zake hayana shida kupatikana, lakini yachambue vibanzi kwanza. Kwa Tukuyu, ambako mvua haikawii kurudi, matandiko huloa upesi, na wayo uliolainika kwa unyevu huchubuka kirahisi kuliko mkavu.

Magamba ya miguu yaliyoinuka na kutoa unga mweupe ni habari nyingine. Huyo ni utitiri aitwaye *Knemidocoptes mutans*, anayechimba chini ya magamba na kuhama polepole kutoka kuku hadi kuku wanapolala wakigusana. Dawa ya mitaani ni oili chafu ya gari au mafuta ya taa. Nazipinga zote mbili: huunguza ngozi, na kuku anapojisafisha kwa mdomo humeza sumu ambayo inaweza kufika kwenye mayai. Osha miguu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, sugua taratibu kwa mswaki laini bila kung'oa magamba, kisha paka mafuta ya mgando kwa wingi ili kumkosesha utitiri hewa, na urudie kwa wiki kadhaa kwa kuku wote wa banda, si yule mgonjwa pekee. Hali ikiwa mbaya, daktari anaweza kutoa ivamektini, na hapo mayai hayaliwi kwa muda atakaouelekeza. Magamba mapya huchukua miezi kuota.

Kuku aliyenunuliwa sokoni Mwanjelwa au kwenye mnada, aliyefungwa kamba mguuni na kusafirishwa kichwa chini, akaguliwe siku hiyohiyo. Uzi mwembamba wa kiroba unaweza kuzama kwenye ngozi na kukata damu isifike kwenye kidole.

Kwa vifaranga, nyanda za juu zina tatizo lake. Kuanzia Juni hadi Agosti baridi huwafanya watu wawafungie vifaranga chumbani kwa wiki nyingi, wakila pumba za mahindi karibu peke yake. Pumba hazina kalsiamu ya kutosha, na bila jua mwili hautengenezi vitamini D, kwa hiyo mifupa hubaki laini na miguu hupinda. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halitoshi. Watoe nje adhuhuri palipokingwa upepo, na uwape chakula kamili cha vifaranga. Usiwape chakula cha kuku wa mayai kwa kudhani kalsiamu nyingi itawasaidia, maana kiwango chake huharibu figo za kifaranga. Kifaranga anayetembelea vifundo huku vidole vimejikunja ndani kama ngumi huenda amekosa vitamini B2, na akiwahiwa ndani ya siku za mwanzo hupona vizuri.

Mguu mmoja ukinyooka mbele na mwingine nyuma, bila jeraha wala joto, hasa kwa kuku wa miezi miwili hadi mitano, ninashuku ugonjwa wa Marek, uliopewa jina la daktari wa Hungaria József Marek aliyeueleza mwaka 1907. Ni virusi, hauna tiba, na chanjo yake hutolewa kifaranga akiwa na siku moja. Kumchanja aliyekwishapooza ni kupoteza fedha. Ikiwa kupooza kunaambatana na shingo kupinda, kuhara kijani na vifo vya haraka, fikiria kideri, mtenge mgonjwa na umwite afisa mifugo wa kata mara moja.

Kuku asiyeweza kusimama lakini anakula na kutazama mambo kwa uchangamfu anastahili muda. Mpe matandiko mazito, maji na chakula mahali mdomo unapofika, mgeuze mara kadhaa kwa siku, msafishe nyuma, na umweke anapowaona wenzake bila wao kumdonoa. Kitambaa kilichotobolewa matundu mawili ya miguu na kuning'inizwa kwenye boksi kinaweza kumsimamisha kwa vipindi vifupi. Akiacha kula, akapungua uzito na kupata vidonda vya kifuani, au wiki chache zikapita bila nafuu yoyote, ninashauri alazwe usingizi wa mwisho bila maumivu, na ninawaambia watoto ukweli huo badala ya kusema amepelekwa kijijini.

Kuku akifa na kuna wengine bandani, mzoga ufungwe kwenye mifuko miwili, uwekwe penye ubaridi bila kugandishwa, na upelekwe haraka kwa daktari au kwenye maabara ya Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania iliyopo Iringa.