Nani Aliwapa Anwani Yangu?

Juzi mteja wangu, mwalimu anayeishi Umoja, alinipa simu yake nijionee. Barua pepe kumi na moja ndani ya wiki mbili, zote za kampuni moja inayouza ploti za futi hamsini kwa mia kule Joska. "Wakili, karo ya watoto yenyewe inanitoa jasho. Hawa wanadhani nina pesa za ploti?"

Nikamuuliza kama aliwahi kuwapa anwani yake. Aliwaza, ndipo akakumbuka semina moja hotelini mjini, karatasi ya mahudhurio ikizunguka mezani: jina, simu, barua pepe, sahihi.

Kesi yote imo katika karatasi hiyo. Mwalimu alitia sahihi kuonyesha kwamba amehudhuria, basi. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 hakiruhusu data ya mtu itumike kibiashara bila ridhaa yake ya wazi, isipokuwa pale sheria nyingine inaporuhusu na mwenyewe amejulishwa. Kunyamaza si ridhaa. Kisanduku ulichokikuta kimeshatiwa alama ya vema, hali kadhalika.

Wengi hukata tamaa hapa: "Nitathibitishaje kwamba sikukubali?" Huna haja. Kifungu cha 32 kinamtwika anayetumia data jukumu la kuonyesha kwamba ulikubali. Ndiyo maana huwasihi wateja wangu wasifute barua hizo, hata zikiudhi vipi. Zihifadhi, kisha uwaandikie watumaji maswali mawili: anwani yangu mliipata wapi, na ridhaa yangu iko wapi? Ongeza kwamba unapinga data yako kutumiwa kwa matangazo. Kwa Kanuni za mwaka 2021 zilizo chini ya sheria hiyo, pingamizi la namna hiyo halina "lakini".

Kanuni hizo zinataka pia mpokeaji apewe njia rahisi ya kujiondoa. Ila kama barua inanuka utapeli, usibonyeze chochote. Utakuwa umewajulisha tu kwamba anwani yako ina mtu.

Kampuni kadhaa hapa Nairobi zimeniambia kwamba kiungo cha kujiondoa kinawatosha. Hayo ni mawazo ya Marekani, ambako sheria ya CAN-SPAM ya mwaka 2003 inamruhusu mtu kutuma kwanza, akikataliwa ndipo aache. Kwetu ridhaa hutangulia.

Wakikaidi, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Hulipi ada, na (nasema haya nikijiumiza mfuko) huhitaji wakili. Sheria inataka malalamiko yachunguzwe na kukamilishwa ndani ya siku 90. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Nawe unaweza kudai fidia, hata kama hukupoteza senti bali ulisumbuka tu.

Mwalimu aliandika Jumatatu. Alhamisi akajibiwa: samahani, tumekuondoa. Kuhusu walikopata anwani, kimya. Jana amewauliza tena, na safari hii ameambatisha nakala ya kifungu cha 32.